Kemia nayo ipewe hadubini

Kila unapozuka mjadala wa vifaa vya maabara katika vyuo vikuu vyetu, hadubini huombwa kwa ajili ya madaktari, wataalamu wa mimea na wataalamu wa wadudu. Kemia haitajwi. Wanakemia huachiwa mizani, bika na mashine za kupima kilichomo ndani ya chupa. Naandika kuupinga mgawanyo huo. Kwa takribani miaka 20 sasa dunia ina uwezo wa kuangalia molekuli moja ikigeuka kuwa nyingine juu ya kichocheo kidogo mno, na chombo kinachowezesha kazi hiyo ni hadubini. Nchi zenye dhahabu ya Geita na kobalti ya Kolwezi hazina sababu ya kuwa nje ya elimu hiyo.

Sisemi haya kama profesa. Kazi yangu imekuwa kupima maziwa katika vituo vya kukusanyia vya wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Asubuhi wafugaji walifika na madumu yamefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli au pikipiki. Tulianza kwa pua na macho. Tukaingiza laktomita kujua kama yametiwa maji, tukachanganya na alkoholi kuona kama yataganda. Yaliyotutia shaka tuliyapima kwa rangi iitwayo resazurini: mililita 10 za maziwa, mililita 1 ya rangi, kisha tyubu inakaa dakika 10 ndani ya maji yenye joto la nyuzi 37.

Resazurini ni ya bluu. Maziwa yakiwa safi, bluu hiyo inabaki. Bakteria wakiwa wengi, inageuka zambarau, halafu waridi, na yakiwa yameharibika kabisa rangi inapotea, maziwa yanarudi meupe. Mezani tulikuwa na kisahani cha rangi chenye namba kuanzia 6 hadi 0. Namba 6 ni bluu, maziwa mazuri sana. Namba 0 ni nyeupe, na hayo hayapokelewi.

Kinachotokea ndani ya ile tyubu ni kemia nyepesi kueleza. Shughuli za bakteria huinyang'anya molekuli ya resazurini atomu moja ya oksijeni. Ikishanyang'anywa inakuwa molekuli nyingine, resorufini, ambayo ni ya waridi. Na resorufini ina tabia moja ambayo sisi kituoni hatukuwa na haja nayo: ukiimulika kwa mwanga wa kijani, yenyewe inatoa mwanga mwekundu wa kuelekea machungwa. Resazurini haing'ai hivyo. Kwa hiyo panapotokea mng'ao, hapo hapo molekuli moja imekwisha kugeuka.

Mpwa wangu anayesoma shahada ya kemia ndiye aliyenitumia makala ya kisayansi kwa simu na ujumbe mfupi: "Mama mkubwa, ile rangi yenu ya maziwa iko huku." Ilikuwa kazi iliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Nature Materials na kundi la Peng Chen wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, Marekani. Nilisoma polepole, nikauliza, nikarudia. Nilipoelewa walichofanya nilijua kwamba jambo hili linatuhusu.

Kwanza tuelewane kuhusu kichocheo. Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kutumika na kuisha. Chuma ndicho kinachounganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kuwa amonia, ambayo hutumika kutengeneza mbolea ya urea tunayonunua kwa mifuko. Nikeli hugandisha mafuta ya mimea yakawa mafuta mazito ya kupikia. Platini, paladi na rodi, zikiwa ndani ya bomba la moshi la gari, hupunguza sumu kabla moshi haujatoka. Kazi yote hufanyikia juu ya uso wa metali, ndiyo maana viwanda huisaga au huitengeneza kuwa chembe ndogo kabisa ili uso uwe mwingi kwa metali kidogo.

Dhahabu ilikuja kuchelewa katika orodha hii. Haishiki kutu, haibadiliki, na kwa sababu hiyo wataalamu waliihesabu kuwa haifai kuchochea chochote. Miaka ya 1980 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kinyume chake: dhahabu ikiwa katika chembe za nanomita chache, ikawekwa juu ya oksidi za metali nyingine, inaigeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi hata kwenye baridi chini ya nyuzi sifuri. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Metali ile ile inayovaliwa kidoleni miaka 50 bila kufanya lolote inakuwa mchapakazi ikipunguzwa kufikia kiasi hicho.

Kundi la Cornell lilichukua chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 6. Kwa hesabu ya kawaida, chembe moja ya namna hiyo ina atomu kama 6,700 hivi, na miligramu moja tu ya dhahabu inatosha kutoa chembe zaidi ya trilioni 400. Wakazitawanya juu ya kioo, mbalimbali, ili kila moja iwe na nafasi yake. Wakapitisha juu yake maji yenye resazurini pamoja na haidroksilamini, kemikali inayoondoa ile atomu ya oksijeni kwa msaada wa dhahabu. Chini ya kioo wakaelekeza leza ya kijani kwa mshazari, kiasi kwamba mwanga unajirudi ndani ya kioo na kugusa tabaka jembamba tu la maji lililo juu yake. Kichujio kikazuia kijani chote na kuruhusu mwekundu peke yake ufike kwenye kamera. Matokeo yake ni uwanja mweusi. Katika weusi huo, resorufini moja ikizaliwa juu ya chembe, nukta inawaka. Resorufini ikiachia chembe na kuchukuliwa na maji, nukta inazimika. Chembe inapokea resazurini nyingine, inaifanyia kazi, nukta inawaka tena pale pale.

Ukiwa na saa unaweza kusoma kila kitu hapo. Muda wa giza kati ya mng'ao na mng'ao ni muda ambao chembe imetumia kutengeneza molekuli moja. Muda wa mwanga ni muda ambao molekuli imekaa kabla ya kuachiwa. Vipimo viwili hivyo, vya chembe moja, kila mara inapofanya kazi. Kwa mtu aliyezoea kusubiri dakika 10 aone tyubu nzima imekuwa waridi, huu ni ulimwengu mwingine, ingawa rangi ni ile ile.

Kila aliyefanya kazi ya maziwa anajua kwa nini jambo hili ni kubwa. Maziwa ya mfugaji hupimwa kabla hayajamiminwa kwenye tangi la kupoozea. Yakishamiminwa umechelewa. Ukichota tangini ukapima, utapata namba moja, tuseme 4. Namba hiyo si ya uongo, lakini haikuambii lolote kuhusu mfugaji yeyote. Huenda wote wameleta maziwa ya namba 4. Huenda wengi wameleta ya 6 na wachache wameleta ya 1. Kuna kituo kimoja ambacho wakati fulani kililipa kundi zima kwa daraja la tangi. Mzee mmoja kutoka Mlingano alinijia mezani akaniuliza, "Mwanangu, ng'ombe namkamua mwenyewe, chombo nakiosha mwenyewe. Mbona nalipwa kwa uchafu wa mwenzangu?" Nikamwambia, "Baba, hoja yako ni ya haki." Sikuwa na jibu jingine, kwa sababu hakuna jingine.

Kemia ya vichocheo ilipima tangi kwa zaidi ya miaka mia moja. Waliweka matrilioni ya chembe ndani ya chupa, wakapima kasi ya jumla, wakagawanya, wakapata tabia ya chembe ambayo pengine haikuwamo hata moja mle ndani. Hawakuwa wavivu. Hawakuwa na njia. Njia ilipopatikana, mambo matatu yalidhihirika.

La kwanza, chembe hazifanani. Kule Cornell zilitengenezwa pamoja, kwa ukubwa mmoja, zikawekwa katika maji yale yale, na bado zikatofautiana. Baadhi ziliachia resorufini haraka zaidi resazurini ilipokuwa nyingi majini, kana kwamba mgeni mpya anamsukuma wa zamani. Nyingine ziliachia kwa njia yake bila kujali wingi huo. Ukipima chupa nzima, njia zote hizi zinafunikwa na namba moja.

La pili, chembe moja haifanyi kazi kwa kasi moja siku zote. Kasi yake hupanda na kushuka katika vipindi vya makumi hadi mamia ya sekunde. Watafiti walihusisha mabadiliko hayo na atomu za juu ya dhahabu kuhamahama na kujipanga upya, mara nyingine zenyewe, mara nyingine kwa sababu ya kazi yenyewe ya uchochezi. Kundi lile liliendelea na chembe za ukubwa tofauti, likaona kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo uso wake unavyokuwa mwepesi kubadilika. Tulidhani kichocheo ni meza ngumu ambayo molekuli huja kufanyia shughuli na kuondoka. Kumbe na meza yenyewe inabadilika umbo shughuli ikiendelea.

La tatu, hata ndani ya chembe moja pana mahali pa kazi na mahali palipolala. Hili lilianza kuonekana Ubelgiji. Mwaka 2006 watafiti wa Leuven walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa fuwele zenye tabaka, wakihesabu mng'ao mmoja mmoja. Waliona kwamba mmenyuko mmoja, ule wa kuvunja esta kwa maji, ulitokea kwenye nyuso za kando za fuwele peke yake, na mmenyuko mwingine wa esta hiyo ukatokea kwenye uso wote wa nje. Fuwele moja, kazi mbili, kila kazi na mahali pake. Mwaka 2012 kundi la Cornell likaenda mbali zaidi kwa vijiti vya dhahabu vyenye unene wa nanomita makumi tu. Waliona kwamba ubavuni mwa kijiti utendaji ni mkubwa katikati na unapungua kuelekea ncha zote mbili, ingawa kwa macho ya kemia ya vitabuni ubavu huo ni uso wa aina moja. Maelezo yao ni kwamba kijiti hukua kutoka katikati, na pale kinapoanza kukua kwa haraka atomu hujipanga vibaya na kuacha kasoro nyingi. Kasoro hizo ndizo zinazofanya kazi.

Msomaji aliyesoma fizikia atauliza: inawezekanaje kuona sehemu za kitu cha nanomita makumi kwa mwanga? Swali zuri. Mwaka 1873 Ernst Abbe wa Ujerumani alionyesha kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takribani nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 200 hivi. Sheria hiyo haijavunjwa. Kilichofanyika ni kuhakikisha kwamba kwa wakati mmoja inawaka molekuli moja tu. Doa lake kwenye picha ni pana, lakini kitovu cha doa kinaweza kukokotolewa kwa usahihi mkubwa. Ukirudia kwa kila mng'ao, ukaweka vitovu vyote kwenye ramani moja, unapata picha kali kuliko doa lolote. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa kuifikisha hadubini ya mng'ao katika kiwango hicho. Angalieni jina la tuzo: ya kemia.

Kuna pingamizi la kisayansi ambalo sitaki kulipita. Mbinu hii inahitaji kitu kinachong'aa, na kemikali nyingi za viwandani hazing'ai. Amonia haing'ai. Petroli inayotokana na kichocheo haing'ai kwa namna ya kuhesabika molekuli moja moja. Kwa miaka kadhaa hili lilikuwa ukuta wa kweli. Mwaka 2019 kundi la Cornell lilichapisha njia ya kuuzunguka. Unaweka kemikali inayong'aa na ile isiyong'aa pamoja, zigombanie nafasi juu ya kichocheo kimoja. Mahali ambapo isiyong'aa inapendwa zaidi, mng'ao unapungua. Upungufu huo ukiupima mahali kwa mahali, unapata ramani ya kile ambacho hukukiona. Walitumia njia hiyo kuchunguza haidrokwinoni, kemikali inayochafua maji, juu ya kichocheo kinachotumia mwanga. Ukuta haujaanguka wote, lakini una mlango.

Sasa nije kwetu. Tanzania inachimba dhahabu Geita na kwingineko. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na wachimbaji wa Kolwezi na Likasi huongea Kiswahili kazini. Afrika Kusini ndiyo mzalishaji mkubwa wa platini. Kobalti tunaisikia kwa sababu ya betri za simu na magari, lakini ni kichocheo pia: kule Ras Laffan, Qatar, vichocheo vya kobalti hutumika kugeuza gesi asilia kuwa dizeli na mafuta mengine kwa mbinu iliyoanzishwa na Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch miaka ya 1920. Metali inatoka kwetu, gesi tunayo Songo Songo na Mnazi Bay, na elimu ya namna atomu za metali zinavyopaswa kupangwa ili gesi iwe kitu kingine iko kwa wengine.

Elimu hiyo ndiyo yenye bei. Kama katikati ya kijiti ndiko kunakofanya kazi na sehemu kubwa ya metali imelala, basi anayejua kutengeneza chembe zenye sehemu nyingi za kazi atatumia gramu chache pale ambapo mwingine anatumia nyingi. Anayejua hilo atanunua kidogo kwetu na kuuza ghali kwa dunia. Mazungumzo yetu ya kuongeza thamani ya madini huishia kwenye kusafisha na kuyeyusha. Kusafisha ni hatua ya lazima, sibishi. Lakini thamani ya kichocheo iko katika umbo la chembe na mpangilio wa atomu za juu, na umbo hilo huwezi kulitawala kama huna chombo cha kuona linafanya nini.

Nitaambiwa: Mama, hospitali hazina vitanda vya kutosha, shule hazina madawati, wewe unadai leza? Nimelisikia neno hili katika vikao vingi na naliheshimu, kwa sababu wanaolisema hawasemi kwa ubaya. Jibu langu ni kwamba hadubini ya mng'ao si kitu kigeni hapa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 kwamba hadubini za mng'ao zenye taa za LED zichukue nafasi ya zile za zamani katika kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na maabara zetu za hospitali zimezitumia. Makohozi hutiwa rangi ya auramini, vimelea vikang'aa kwenye giza, fundi akahesabu. Watu wa kutunza mashine hizo tunao. Watu wa kuzisoma tunao. Hadubini ya kifua kikuu haioni molekuli moja, hilo ni kweli. Inahitajika lenzi bora zaidi, leza, kichujio kizuri na kamera nyepesi kuhisi mwanga, na kamera ndiyo sehemu ghali. Lakini hatua kutoka hapa tulipo si ya kutoka sifuri.

Tena si kila uchunguzi unadai molekuli moja. Utrecht, Uholanzi, kundi la Bert Weckhuysen lilichapisha mwaka 2011 kazi kuhusu chembe za kichocheo kinachovunja mafuta ghafi mazito. Chembe hizo ni za makumi ya mikromita, kubwa mara maelfu kuliko zile za dhahabu. Walizitia kemikali inayogeuka kuwa rangi ing'aayo pale tu penye asidi, kisha wakalinganisha chembe mpya na zilizochoka kwa kazi. Hadubini ya mng'ao ya kiwango cha kati inatosha kwa kazi ya namna hiyo. Mwanafunzi wa uzamili hapa nyumbani anaweza kuuliza swali kama hilo kuhusu kichocheo anachokitengeneza mwenyewe, na akapata jibu ambalo mizani haiwezi kumpa.

Napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, hadubini za mng'ao za kiwango cha juu ziwe mali ya vituo vya pamoja, zisifungiwe ndani ya idara moja, na kemia iwe na kiti katika kamati inayopanga zamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine kule Morogoro, Nelson Mandela kule Arusha, Makerere na Nairobi hawahitaji kila mmoja kununua yake. Cape Town kuna kituo cha Africa Microscopy Initiative kinachopokea watafiti kutoka bara zima. Kimejengwa kwa kufikiria zaidi elimu ya viumbe. Afrika Mashariki ikijenga cha kwake, kisirudie mpaka huo.

Pili, fedha ziende na fundi. Kifaa kilichonunuliwa bila mtu wa kulinganisha leza, kusafisha lenzi na kubadilisha kichujio kitafunikwa kitambaa ndani ya mwaka mmoja. Nimeona hali hiyo kwa vifaa vya maziwa vilivyokuwa vya bei nafuu sana kuliko hivi. Ajira ya fundi iandikwe kwenye andiko la mradi kabla ya jina la kifaa.

Tatu, mng'ao ufundishwe mapema. Mwaka 1852 mwanafizikia George Gabriel Stokes alieleza jambo hili kwa kutumia maji ya kwinini, akaonyesha kwamba yanapokea mwanga usioonekana na kurudisha wa bluu. Kwinini ina historia yake hapa kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, milimani Usambara, mwaka 1902, wakapanda mikwinini, na huko Kivu magome ya mti huo yamekuwa zao la biashara kwa miaka mingi. Soda ya toniki inayouzwa dukani ina kwinini. Mwalimu wa sekondari akizima taa darasani na kuimulika chupa ya toniki kwa kile kitochi cha kukagulia noti bandia, wanafunzi wataona soda ikitoa mwanga wa bluu. Mwanafunzi aliyeona hivyo akiwa kidato cha pili hatashangaa akiambiwa chuoni kwamba molekuli moja inaweza kujitambulisha kwa mwanga wake. Atauliza swali linalofuata, na maswali yanayofuata ndiyo tunayoyataka.

Na resazurini ipo. Imekuwa ikitumika kwenye maziwa kwa miongo mingi, ni ya bei nafuu, na wanafunzi wa sayansi ya chakula wanaifahamu. Ninachotaka ni idara ya maziwa na idara ya kemia, ambazo katika vyuo vingine hazitenganishwi hata na barabara, zikae meza moja. Mmoja anaijua rangi na tabia zake katika hali ya kawaida ya kazi. Mwingine anajua kutengeneza chembe za metali. Wakiunganishwa na hadubini moja wana utafiti kamili.

Mzee wa Mlingano alidai apimwe kwa maziwa yake. Alikuwa na haki, na vituo vinavyopima mfugaji mmoja mmoja vimepata maziwa bora, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba usafi wake unaonekana. Sayansi ya vichocheo imefika hapo hapo. Imeacha kuamini namba ya tangi peke yake, na inazikagua chembe moja baada ya nyingine ili ijue ipi inafanya kazi, wapi na kwa muda gani. Anayebaki kupima tangi ataendelea kununua vichocheo kutoka kwa wanaopima chembe.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara za kemia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki: katika bajeti ijayo, hadubini ya mng'ao iandikwe kwenye orodha ya mahitaji ya kemia, na mshahara wa fundi wake uandikwe mstari unaofuata. Atakayetaka kuifuta aelezwe kwanza dhahabu ya Geita hufanya kazi gani ikiwa na upana wa nanomita 6. Na ninyi wanafunzi wa kemia, msisubiri kuitiwa. Nendeni maabara ya hospitali iliyo karibu nanyi, ombeni kwa adabu kuchungulia, mwone kinachong'aa, kisha rudini mkadai chenu.